Mifuko ya Kijani Dukani kwa Mzee Taratibu

Mtaani kwao namba za nyumba hazikufuata ujirani, zilifuata kuzaliwa. Nyumba iliyojengwa kwanza, kule mwisho karibu na mtaro, ndiyo namba moja. Ya pili ilijengwa huku mwanzo wa mtaa, ikapewa mbili. Baada ya hapo kila aliyemaliza paa alipewa namba iliyofuata, popote alipokuwa, hata namba nne ikakaa ukuta kwa ukuta na kumi na tisa, kama watu walioozeshwa kwa nguvu. Aliyebuni mpango huo alikuwa mkuu wa posta, siku hizi ni mstaafu na mwenyekiti wa mtaa, na mpaka leo ukimgusia anakwambia ule ulikuwa utaratibu. Barua zilipotea miaka mingi na hakuna aliyeumia. Ulipokuja ugonjwa na watu wakaambiwa wakae ndani, mtaa ulijaa pikipiki zilizokuwa zikitafuta namba kumi na nne.

Ndipo Bi Dirisha akapata kazi uzeeni.

Jina hilo alipewa na mtaa, na mtaa haukukosea. Kuanzia chai ya asubuhi mpaka jua lilipohamia ukuta wa pili alikuwa pale dirishani, kwenye kiti cha mkono mmoja, goti lake bovu limenyooshwa juu ya kigoda, barakoa inaning'inia sikio moja kama hereni. Miaka thelathini na moja alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Alipikia masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake, na herufi zote alizonazo alizisomea kwenye magunia. Kwa hiyo mfuko ukipita umefungwa, yeye anajua kilichomo. Unga hukaa mfukoni kama mtu mnene aliyelala. Mchele huhama upande. Sabuni ina kona, na mafuta ya kupikia hutembea kwa maringo.

Watu wa pikipiki walikuja, wakazunguka, wakarudi, wakazima injini chini ya dirisha.

"Shikamoo, bibi. Namba kumi na nne iko wapi?"

"Marahaba. Kumi na nne iko baada ya tatu, kabla hujafika ishirini na moja. Geti la bluu. Na umwambie mwenyewe kopo lake la nyanya limebonyea."

Mtu wa pikipiki alitazama mfuko wake uliofungwa mafundo mawili, akamtazama bibi, akawasha injini.

Mifuko yote ilikuwa ya kijani, kutoka duka kubwa la mjini, lile lenye milango inayojifungua yenyewe kama inakujua. Na ng'ambo ya barabara, hatua ishirini za mtu mwenye magoti mawili mazima, lilikuwepo duka la Mzee Taratibu.

Mzee Taratibu hakuwa mzee kihivyo. Uzee ulikuwa kwenye mwendo. Ukiomba kilo ya maharagwe, aliyachambua kwanza ndipo akapima, kwa sababu, alisema, wewe umeomba maharagwe, hukuomba mawe. Ukiwa na haraka ulirudi kesho yake. Ugonjwa ulipoingia alifunga kamba mlangoni, akaweka ndoo ya maji yenye koki na kipande cha sabuni, akachora chini duara za chokaa kwa kuzungusha beseni, ili wateja waachane nafasi. Nafasi hiyo aliipima kwa hatua zake mwenyewe. Hatua zake ni fupi, basi watu wakasimama wamekaribiana kuliko siku za afya.

Sheria moja tu ilimshinda Bi Dirisha. Mteja hagusi kitu.

"Nipe nyanya nijichagulie."

"Nakuchagulia mimi, mama."

"Wewe? Nimebonyeza nyanya kabla mama yako hajakupata. Nyanya haichaguliwi kwa macho."

"Mkono umekatazwa, mama. Si mimi, ni ugonjwa."

"Basi uambie ugonjwa uje uchague."

Mzee Taratibu akamchagulia sita, moja moja, kama anayetoa mayai chini ya kuku. Tano zilikuwa nzuri. Ile ya sita Bi Dirisha aliisema wiki nzima.

Siku moja, baada ya kumpa kitunguu, Mzee Taratibu aliegemea kamba yake akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua, "Mwisho wa mwezi nafunga, mama."

"Unafunga nini?"

"Duka. Lori la jumla limeniambia haliingii tena mtaani kuja kushusha gunia mbili. Haya yaliyopo yasipoisha mwezi huu, hawarudi. Naenda kwa kaka yangu, ana kuku."

Bi Dirisha alitia kitunguu mfukoni bila kukikagua, na kwake hiyo ilikuwa dalili ya ugonjwa. Alirudi kwake akishika ukuta. Akampigia mwanawe simu, na hapo akafanya kosa la kumweleza.

"Basi hakuna cha mjadala," mwanawe akasema. "Duka hilo likifungwa, wewe unakuja kukaa na sisi. Goti lako haliwezi kufika duka lingine, na mimi siwezi kulala nikijua mama yangu anahesabu punje."

"Nitakaa wapi?"

"Chumba kipo."

Chumba alikijua. Kilikuwa chumba cha kupigia pasi. Hakina dirisha, kina tundu la kutolea mvuke juu karibu na dari. Mkwewe, ambaye ni mtu wa heshima na anapenda vitu vipendeze, alishatundika pazia la maua kwenye ukuta mtupu, ili mgeni adhani nyuma yake kuna kitu. Bi Dirisha alikaa huko siku tatu mwaka wa goti, na siku zote tatu alikuwa akiangalia pazia.

Habari za kufungwa kwa duka zilienea mtaani, na mtaa ukaumia sana. Lazima tuseme haki, uliumia mpaka kwenye simu. Kundi la mtaa lilijaa picha za mioyo na mikono iliyokutana. Mwenyekiti akatuma ujumbe wa sauti wa dakika tisa, akakohoa mara mbili katikati, watu wakamwombea. Ikaundwa kamati. Kamati ikazaa kamati ndogo ya kitambaa, na kitambaa kikaja, kirefu, cheupe, kimeandikwa kwa rangi nyekundu DUKA LETU FAHARI YETU, kikatundikwa juu ya kaunta ya Mzee Taratibu. Kikaziba taa.

Kisha kila mjumbe akaja kununua, maana kuunga mkono ni vitendo. Alisimama kwenye duara, akanawa, akaomba kibiriti. Kibiriti kimoja. Alipigwa picha amekishika pamoja na Mzee Taratibu, barakoa imeshushwa kidogo ili meno yaonekane, na picha ikaenda kwenye kundi. Karani wa benki, kijana wa nyumba kumi na nne, alipiga picha yake mara nne mpaka mwanga ukamridhisha. Mwenyekiti alimshika Mzee Taratibu bega kwa kiwiko, akamwita nguzo ya mtaa. Walimvisha kilemba cha ukoka kikamfika machoni.

Wiki ilipoisha vibiriti vilikuwa vimekwisha duka zima. Gunia za mchele, za unga na za maharagwe zilikaa pale pale, midomo imeshonwa.

Na pikipiki ziliendelea kuja. Zilikuja hata siku ya kitambaa. Mwenyekiti alikuwa bado anahutubia, mfuko wa nyumba yake ukampita mgongoni. Bi Dirisha aliuona: mchele, sabuni ya unga, na chupa mbili zilizogongana. Watu wanaoogopa kubanana dukani, hao aliwaelewa, wana haki. Lakini kwa Mzee Taratibu hakukuwa na wa kubanana naye. Walioogopa hewa walikuwa wanaogopa hewa tupu.

Hapa kuna jambo ambalo Bi Dirisha asingependa liandikwe, basi tuliandike. Kila Jumanne mfuko mmoja wa kijani ulikuwa ukiingia mlango wake wa nyuma. Uliagizwa na mwanawe. Mtu wa pikipiki wa Jumanne alishafundishwa kupita uchochoroni na kubisha kwa kucha. Ndani kulikuwa na majani mazuri ya chai, mkate uliokatwa tayari, nyanya zilizofunikwa nailoni, na mchele. Mwanawe alipouliza kama umefika, Bi Dirisha alijibu, "Umefika, nimegawa." Hakuwahi kumgawia mtu hata ukoko wa mkate. Moyoni alikuwa na jibu lake: mimi sikuagiza, nimeagiziwa. Nyanya alinunua kwa Mzee Taratibu, mbele ya macho ya watu, na vitunguu. Lakini mchele hakununua tangu ugonjwa uanze. Gunia lile la mchele dukani, ambalo kutoisha kwake kungemtoa nyumbani, lilikuwa na kijiko chake pia ambacho hakikuchotwa.

Hilo hakulifikiria. Aliwafikiria wengine.

Jumatatu ya wiki ya mwisho, mtu wa pikipiki mwenye mifuko saba alizima injini chini ya dirisha. Alikuwa mtu wa makamo, jasho limeloanisha barakoa mpaka imemshika puani.

"Shikamoo, bibi. Leo nina saba. Tano, kumi na nne, tisa, mbili..."

Bi Dirisha akatazama ng'ambo. Mzee Taratibu alikuwa anapanguza mizani ambayo haikuwa na vumbi.

"Marahaba. Hujaambiwa?"

"Nini?"

"Mtaa huu mizigo haipelekwi tena mlango kwa mlango. Ni ugonjwa. Yote inaachwa pale dukani, kwenye kitambaa. Kila mtu anajifuatia wake."

"Nani kasema?"

"Kuna kamati," akasema Bi Dirisha. Na kweli kamati ilikuwepo.

Mtu wa pikipiki alitamani kumbusu. Saba zikawa mlango mmoja. Aliishusha yote kaunta kwa Mzee Taratibu, akapiga simu ofisini kwao kuwaambia wenzake mtaa ule umetengeneza utaratibu wa maana, na mpaka Jumanne saa nne asubuhi kaunta ilikuwa ya kijani kutoka ukuta hadi ukuta. Juu yake, kwa rangi nyekundu, DUKA LETU FAHARI YETU.

"Mama," Mzee Taratibu aliita kutoka ng'ambo. "Hii ni nini?"

"Ni mizigo ya hao majirani zako wanaokupenda. Watunzie."

Waliokuwa wanasubiri chakula walianza kupiga simu, wakaambiwa kipo dukani. Duka gani? Hilo lenu. Na njia ya kufika kwenye mfuko wako ilikuwa ile ile ya kila mtu: ndoo, sabuni, duara, kamba. Mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie, duara zote za chokaa zilikuwa na watu juu yake, na wote walikuwa wanatazama chini kama wanasoma chokaa.

Wa kwanza alikuwa Mama Mapacha. Huyu hakutazama chini.

"Mimi sina aibu, nisameheni," akasema. "Nina wawili wanaokula kama wanne, nikitoka wanapanda kabati. Kule napiga simu, wananiletea. Huyu hajawahi kuniletea hata chumvi."

Mzee Taratibu alifikiria. Foleni ikasubiri afikirie.

"Hujawahi kuniambia nikuletee," akasema.

"Ungeleta?"

"Ninayo baiskeli."

"Kwa mwendo wako si chakula cha mchana kitakuwa cha jioni?"

"Ungeagiza asubuhi."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kujikwamua. Karani wa benki akachukua mfuko wake akauficha nyuma ya mgongo, ila ulikuwa mpana kuliko yeye. Kisha akafika Mwenyekiti, fimbo mkononi, shati limepigwa pasi.

"Nimepita kukagua," akatangaza.

"Kagua na huo wako," Bi Dirisha akampa msaada kutoka dirishani. "Namba tano. Mchele, sabuni ya unga. Chupa sisemi."

"Bi mkubwa, mambo ya nyumba ya mtu..."

"Yako kaunta, Mwenyekiti. Nyumbani yalishatoka."

Mwenyekiti alikuwa mtu wa posta miaka yake yote na jicho la vifurushi halistaafu. Alipokuwa anatafuta pa kuweka uso, aliona mguu wa Mzee Taratibu chini ya kaunta ukisukuma kitu taratibu, kukificha nyuma ya gunia. Kitu hicho kilikuwa cha kijani.

"Na huo wa chini," akasema, "ni wa nani?"

Bi Dirisha, kule dirishani, akakumbuka leo ni Jumanne. Akakumbuka pia kwamba hakumwambia mtu wa pikipiki "mtaa huu isipokuwa mimi." Maandishi ya juu ya mfuko aliyajua kutoka Jumanne zote, makubwa, kama mwanawe alivyoyaagiza kwa simu: MAMA, DIRISHANI. Herufi za gunia. Alizisoma bila shida.

Mzee Taratibu hakumtazama. Angemtazama ingekuwa kesi nyingine. Alichukua muda wake, akasema, "Ni wangu."

Foleni ikapumua. Ungedhani wamefunguliwa minyororo. Mwenyekiti alinyooka, akapata tena urefu wake.

"Wako? Yaani hata wewe mwenye duka unaagiza kule?"

"Mara moja moja," akasema Mzee Taratibu.

"Sasa jamani. Kama mwenyewe hali vya dukani kwake, sisi tulaumiwe nini? Tumekaa hapa tunasimangwa, kumbe..." Akamgeukia Karani, Karani akautoa mfuko nyuma ya mgongo. "Hili nitaliweka kwenye kundi leo leo. Kwa upendo. Kila mtu ajue kamati ilitimiza wajibu wake, na kama duka linafunga, basi linafunga."

Alikuwa ameshatoa simu.

Bi Dirisha aliona mambo mawili kwa mpigo. Aliona jina lake limeokoka, safi, hakuna atakayejua mpaka anaingia kaburini. Na aliona pazia la maua kwenye ukuta usio na kitu. Hakupenda kuchagua. Alikuwa mwanamke ambaye, shuleni, aliunguza sufuria zima la uji akawaambia watoto mia tatu kwamba uji wa siku hizo una moshi, na wakala. Kukiri hakukuwa kwenye mafunzo yake.

Akashusha goti kutoka kwenye kigoda.

Watu walimwona mlangoni, kisha barabarani, bila fimbo, barakoa sikioni. Hatua ishirini zikawa arobaini. Hakunawa, hakutafuta duara, alipita foleni yote kama zamani alivyopita kwenye foleni ya sahani, akainua kamba, akaingia.

"Mama, kamba," akasema Mzee Taratibu.

"Nyamaza. Toa mfuko wangu hapo chini."

"Mama, huo ni..."

"Unajua kusoma au nikusomee mimi? Mama, Dirishani. Wewe ni mama wa nani?"

Mzee Taratibu akauinua, akauweka kaunta, polepole zaidi ya kawaida yake. Bi Dirisha akaugeukia mtaa.

"Ni wangu. Kila Jumanne, mlango wa nyuma. Kabla hamjapiga picha ya kibiriti na baada. Mkate wao mzuri, na chai yao sina la kusema. Huyu aliujua muda wote, maana uchochoro wangu anauona kutoka kwenye mizani, na hajawahi kunitupia neno. Sasa amejipaka matope ili mimi nibaki na sura. Mwenyekiti, andika hiyo. Kwa upendo."

Mwenyekiti alikuwa ameshika simu kama mtu aliyeshika kitu cha mwenzake.

Bi Dirisha akachana mfuko mbele yao. Akapasua nailoni ya nyanya kwa kidole gumba, akachukua moja, nyekundu, inang'aa kama imepakwa mafuta, akaibonyeza. Haikubonyea. Akaibonyeza kwa nguvu zote za miaka thelathini na moja.

"Jiwe," akasema. "Mwezi mzima nakula mawe, kisa yanaingia kwa mlango wa nyuma." Akairudisha. "Nipimie mchele kilo tano. Na usiuchambue, leo nina hasira."

Aliuchambua. Foleni ilisimama ikimtazama akichambua, na hakuna aliyethubutu kuondoka kwanza. Mama Mapacha, aliyekuwa karibu zaidi, akasema kama wanakaa hapo mpaka magharibi basi naye apimiwe unga, na uletwe, kwa baiskeli. Karani akaomba sukari, akanong'ona, kama anaomba dawa ya aibu. Mwenyekiti akauliza kama vibiriti vimeshaingia.

"Mwenyekiti," akasema Bi Dirisha.

"Na mchele," akasema Mwenyekiti.

Tusiseme mtaa uliokoka. Wengine walihamia kuagiza kwa mtindo wa mlango wa nyuma, na Mwenyekiti alihama kundi la simu kwa siku nne kwa ajili ya afya. Lakini gunia mbili zilifunguliwa midomo wiki ile, na mwisho wa mwezi lori liliingia, dogo kuliko la zamani, likapotea kwanza kutafuta namba. Baiskeli ya Mzee Taratibu ilitembea mtaani ikiwa na unga nyuma, ikasimama kila geti kusalimia, hata mkate wa asubuhi ukafika saa saba. Alipoulizwa kama bado anafunga, alisema, "Mwezi huu hapana." Zaidi ya hapo hakuahidi. Kitambaa alikiteremsha, akakifunikia vitunguu jua lisivichome, maandishi yakiwa chini.

Mwanawe alipopiga simu, Bi Dirisha alimwambia, "Ukitaka kunitumia kitu, mpigie Taratibu, yeye analeta. Na pazia lile litoe, linamdanganya mgeni."

Jumanne iliyofuata alivuka tena, kama alivyovuka Jumamosi, akishika ukuta mpaka ukuta ulipoisha. Kando ya mizani palikuwa na nyanya moja juu ya kisahani.

"Hiyo ni yako, mama," akasema Mzee Taratibu. "Bonyeza hiyo, zingine uziache."

Akaibonyeza, akaigeuza, akaibonyeza upande wa pili.

"Imeoza hii."

"Ni ile uliyoibonyeza Jumamosi," akasema Mzee Taratibu, akaanza kumchagulia zingine, moja moja.